Mishale ya Navalayo

Kwa mambo ya mapenzi, Kakamega nzima hakuna anayenishinda. Waume wawili walinitoroka, lakini hayo tuyaache; sikieni ya Navalayo.

Mwaka wa tisini na sita, duka la vitabu limefurika watu, Navalayo katika sketi yake ya marinda alishika karatasi ya manila ya mwisho iliyobaki. Mkono wa kijana mmoja nao ukaishika.

"Niachie, dada. Mwalimu ataninyonga."

"Akunyonge nikiona! Unasoma wapi?"

"Chuo cha uuguzi, naanza Jumatatu. Naitwa Sylvanus."

"Hata mimi naanza huko huko! Basi tutachorea pamoja. Na mimi nitaibeba, wewe una jasho."

Jumatatu Mwalimu Dorothy akawaweka kundi moja. Yeye hakuwa mtu wa kujaza ubao maneno ili wanafunzi wanakili. Aliwapa kisa cha mgonjwa, wao wakachora: shida kwenye duara katikati, mishale kutoka kila dalili hadi chanzo chake. Wawili wale walichora mpaka vidole vikawa vyekundu kwa wino, na macho yakaanza kukutana pasipo kazi.

Jumapili moja Sylvanus akapiga simu bwenini. Akapokea Khalayi, wa chumba kimoja na Navalayo.

"Hayupo. Ametoka na mwanamume kutoka kule Mayoni, amemshika mkono kabisa."

Sylvanus akanuna. Wiki nzima salamu hakuna, kuuliza hakuna. Wanaume hupendanga kuumwa kimyakimya.

Navalayo akachoka. "Nimeomba nihamie kundi lingine," akamwambia. "Kesho naenda."

Kesho yake Mwalimu akauliza nani ana kisa. Sylvanus akasimama, shati limepigwa pasi kama la harusi.

"Mgonjwa ni mimi. Sili, silali, moyo unaenda mbio."

Navalayo akachukua kalamu, akachora duara na kuandika dalili kando. "Ilianza lini?"

"Siku uliyotoka na mpenzi wako wa Mayoni."

Kalamu ikasimama. "Mpenzi? Yule ni mjomba wangu, haoni vizuri! Nilikuwa namvusha barabara!"

Darasa likaangua kicheko. Navalayo akavuta mshale mrefu kutoka kwenye moyo, akaandika mwishoni: WIVU.

"Na dawa yake, sista?" Sylvanus akauliza.

"Uliza kwanza, unune baadaye."

"Nimekosa, mpenzi. Usihame."

"Umechelewa. Nimeshaomba, na nimekubaliwa."

Mwalimu Dorothy akavua miwani. "Umeomba kwa nani, Navalayo? Makundi nagawanya mimi, na mimi hujaniambia kitu."

Navalayo akainama upesi chini ya meza, eti anatafuta kifuniko cha kalamu. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake.