Sentimita Kumi na Sita

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, fundi cherehani alifungua dirisha akakuta bikoni, ile nguzo ya mpaka, imehamia kwake. Jana, alipokwenda kumwona dada yake, ilikuwa nje ya ua. Sasa ilisimama mita tano ndani, saruji bado mbichi, na chumba chake cha kushonea kimeangukia upande wa jirani.

Saa tatu alikuwa kwa Mzee Mnyororo, mpima ardhi mstaafu, aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe.

"Baba, jirani anasema Ijumaa wanabomoa chumba. Mimi na cherehani tutakwenda wapi?"

Mzee akachukua mkanda wake wa chuma.

Jirani, mfyatua matofali, alikuwa na saruji viatuni. "Umekuja kunikamata?" alicheka. "Ofisi ya ardhi imeniruhusu. Soma mwenyewe."

Ilikuwa nakala ya daftari la uwandani, wanamoandika wapimaji vipimo vyao, la miaka thelathini na minane iliyopita: mistari mitatu, kutoka mawe matatu ya zamani hadi bikoni.

Mchana kutwa Mzee alipima. Mstari wa mita mia nne ulizidi daftari kwa sentimita kumi na sita. Wa mia tatu, kumi na mbili. Wa mia mbili na hamsini, kumi.

Jumanne alimbana karani wa masjala ya ofisi ya ardhi.

"Mimi nina mwaka mmoja tu hapa, mzee wangu. Hizo namba kwangu ni giza."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mzee Wino. Hutusaidia kupanga mafaili."

Mzee Mnyororo alitoka nje polepole. Wino, mchora ramani mstaafu, ndiye mtu pekee aliyembishia hodi, kila Jumapili saa nne, waje wacheze drafti. Alizoea kumtania: "Wewe umechomwa na jua bure. Mimi dunia nzima niliipata mezani."

Jumatano saa kumi jioni alikwenda kwake akihesabu hatua, kama kawaida yake: mia mbili na kumi na mbili, mlango hadi mlango.

"Lile daftari umeliandika wewe."

"Mnyororo bwana! Mkwe wangu, huyo mfyatua matofali, alilipata kabatini."

"Dunia ni chungwa, Wino. Ukililaza ganda mezani, sharti livutike au lichanike. Ndiyo maana ramani yetu hupunguza sentimita nne kila mita mia. Lakini sisi wa uwandani tuliandika kile mnyororo wa kupimia ulichosema juu ya udongo. Kupunguza ilikuwa kazi yenu ofisini."

"Mnyororo hukosea."

"Hukosea ovyo, mara huku, mara kule. Haukosei mistari mitatu kwa kadiri moja, nne kila mia. Hizo namba hazijawahi kukanyaga ardhi. Zimetoka mezani, juu ya ramani."

Wino akatazama kete zake.

"Tanuri lake la matofali lilikosa nafasi. Mkwe alitaka kuhama na binti yangu, na wajukuu. Nyumba yangu ingekuwa kama yako."

Maneno yalimwingia Mzee kama mwiba.

"Andika ukweli kwa mkono wako kabla ya Ijumaa. Usipoandika, nitaandika mimi."

"Na Jumapili nani atakubishia hodi?"

Mzee akainuka, akaondoka.

Wino aliandika. Alhamisi bikoni ikarudi mahali pake, na usiku ule cherehani ikasikika hadi njiani.

Jumapili, saa nne ikapita kimya. Saa tano Mzee alitoka, akihesabu. Mbele, kwa Wino, gari la mizigo lilikuwa limejaa vitanda na magodoro ya wajukuu. Likaondoka. Wino akabaki ukingoni mwa barabara, mkono juu, ingawa vumbi lilikuwa limekwisha kulificha gari.

Mzee alisimama. Mia na arobaini, au mia na hamsini? Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, hesabu ilimpotea.