Mkono Mgongoni mwa Joshua

Kiberege kuna maduka ya dawa ya kutosha, lakini Dorotea alipanda bodaboda mpaka Ifakara kununua dawa ya nywele. Kwao, ukinunua panadoli jioni, asubuhi watu wanakupa pole. Alisubiri jua lizame nyuma ya milima ndipo akasogea dirishani, kilemba amekishusha mpaka kwenye nyusi.

Muuzaji, kijana aitwaye Fulgence, alimmulika utosini kwa tochi ya simu. Akauliza tatizo lilianzaje. Dorotea akasema lilianza lenyewe tu. Akauliza kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Dorotea akajibu kwamba wanawe wote ni watu wazima, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hapo hapo lilikuwa uongo.

Basi kijana akamweleza. Apake matone machache, kichwa kikiwa kikavu. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Aiache ikauke kabisa kabla ya kulala. Mwanzoni nywele zinaweza kupukutika zaidi, asitishike, na kuzidisha dawa hakuharakishi chochote. Akisikia moyo unakwenda mbio, aache na aende hospitali. Dorotea aliitikia kila neno, chupa tayari ameshaificha kifuani.

Ukweli ni kwamba alikuwa amenyolewa.

Mjukuu wake wa kwanza alikufa kwa homa wakati wa masika, akiwa mgongoni kwake, yeye akimbembeleza. Msibani, Paskalina, bibi wa mtoto kwa upande wa mama, alisimama mbele za watu akasema mtoto ameliwa, na aliyemla anajulikana. Maneno kama hayo bondeni kwetu yakishatamkwa hayafutiki kwa kusameheana. Wakapelekwa ng'ambo ya mto kwa mganga, aliyetuhumu pamoja na aliyetuhumiwa, wakanyolewa kwa wembe mmoja na kusuguliwa dawa moja, ili mwenye uchawi, uchawi wake uishie hapo. Wakarudi kwenye lori moja, vichwa vyeupe, hakuna anayemtazama mwenzake.

Njiani Paskalina aliweka mkono juu ya goti la Dorotea. Mkono ule haukuwa na kidole cha pete. Mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulikichukua zamani.

"Nywele zitasema, mkwe," alinong'ona.

Na zilisema. Za Paskalina zilirudi, nzito, nyeusi. Za Dorotea ziligoma utosini. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumpa watoto wao awabebe, na uji wake msibani ukawa unabaki sufuriani. Inauma kuliko tusi, hiyo. Kisha Paskalina akafa kwa presha, akazikwa nywele zake zimesukwa vizuri. Joshua alipozaliwa, Omega mkwewe, ambaye ndiye binti wa Paskalina, hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Alikuwa anaondoka alfajiri na gari la vibarua wa miwa. Akamkabidhi Dorotea mtoto bila kumtazama usoni.

Dorotea alitaka nywele ziote kabla Omega hajabadili mawazo. Hilo ndilo lilikuwa linamtafuna.

Wiki za mwanzo nywele zikapukutika kweli. Alikuwa ameonywa, lakini kuonywa ni kitu kimoja, na kuziona zimejaa kwenye mto ni kingine. Akaongeza dozi. Akapaka zaidi usiku, akalala kichwa bado kibichi, na Joshua, aliyelazwa na bibi ili mama yake awahi gari, amejikunja kwake, uso ameuzamisha kwenye nywele za bibi yake.

Utosi ukaanza kuwasha. Akajipapasa... nywele. Alilia peke yake jikoni, kwa furaha.

Kisha zikaota kwa Joshua.

Kwanza kwenye paji la uso. Halafu mashavuni, laini, nyeusi. Omega alimtazama mwanawe muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu anageuka nini?"

Dorotea alimbeba Joshua mpaka Ifakara mchana kweupe, akamwambia Fulgence ukweli wote. Kijana alikasirika, tena kwa haki. Akawapeleka hospitali, moyo wa mtoto ukapimwa, ukawa salama. Dawa ndiyo iliyomwingia kwa kugusana, wakaambiwa. Iachwe, nywele zitaondoka zenyewe polepole. Dorotea alirudi akamweleza Omega kila kitu, na chupa akaitupa chooni mbele yake. Omega alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, akamwita mama bila kusitasita.

Paji la uso likasafika. Mashavu yakasafika.

Jioni moja Dorotea alikuwa anamwogesha Joshua uani, kwenye beseni. Kulikuwa kimya. Hata majirani waliokuwa wanapiga soga walikuwa wameingia ndani.

Akasikia harufu ya pumba.

Pumba za mpunga, za moto, kama zinavyotoka kwenye mashine. Lakini mashine iko mbali, kule sokoni, na ilikuwa imeshafungwa. Akageuza kichwa. Hapakuwa na mtu. Akammwagia Joshua maji mgongoni, na nywele laini ambazo hakuwa ameziona zikalala juu ya ngozi... zikachora.

Kiganja. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati.

Pengo.

Kidole cha mwisho.

Dawa, alijiambia, ni dawa tu, nilimshika na mikono michafu. Lakini yeye alikuwa akipaka kwa ncha za vidole viwili, na Joshua hakulala hata siku moja bila shati. Kiganja kizima kilitoka wapi?

Na mtoto alikuwa ametulia. Ametulia kama mtoto aliyeshikwa na mtu anayemjua.

Dorotea akautazama ule mkono. Kwanza aliona unamvuta mtoto. Kisha akaona kwamba huenda haumvuti, huenda unamkinga. Ndipo likaja swali ambalo hakuwahi kulikaribisha tangu lile lori: unamkinga na nani? Mjukuu wa kwanza alifia kwenye mgongo wa nani?

Geti la mabati likalia. Omega alikuwa amerudi, masizi ya miwa usoni. Akasimama ghafla, akanusa.

"Nani anakoboa saa hizi?"

Dorotea aliweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, juu ya alama ile. Akakunja kidole cha pete.

Omega akasogea, akainama kwenye beseni. Nywele zilikuwa zimejitokeza pembeni mwa mkono wa Dorotea, maana mkono uliokuwa chini yake ulikuwa mkubwa kuliko wake.

"Ni wangu, mwanangu," Dorotea alisema. "Ni ile dawa."

Omega alikuwa ameshikwa mkono na mama yake, Paskalina, tangu anajifunza kutembea. Alinong'ona, bila ukali wowote:

"Nyoosha kidole, mama."

Dorotea akanyoosha. Chini ya kidole chake ngozi ya mtoto ilikuwa nyororo, haina hata unywele mmoja.

Omega alimtoa mwanawe kwenye maji, akamfunika kwa kanga, akaingia naye ndani. Komeo likasukumwa. Dorotea alibaki amepiga magoti kando ya beseni. Kilemba kilikuwa kimemdondoka. Akajishika kichwa, na kichwani nywele zilikuwa zimeota vizuri, nzito, kila mahali.

Alisubiri harufu ya pumba imfuate mtoto ndani.

Haikumfuata. Ilisogea mpaka mlangoni, ikasimama hapo, kati yake na Joshua.