Gunia kwenye Boriti ya Nyumba Mbili

Alasiri, mvua ilipopisha, mtaa wa wafanyabiashara wa Biharamulo ulikuwa mtulivu kiasi cha mtu kusikia maharage yakichemka kwa jirani. Ilikuwa miaka ya Waingereza, vita kuu ya pili imekwisha karibuni. Bi Mwatumu, mjane wa makamo, aliketi barazani akisuka mkeka wa ukindu, kazi iliyomlisha. Nyumba yake na ya jirani yake Halfani zilijengwa na babu zao waliotoka pwani. Zilitengwa na ukuta mmoja wa fito na udongo, na boriti moja ndefu ilipita juu ya ukuta huo, ikibeba mapaa yote mawili ya nyasi.

Ndugu zangu, utulivu huo ulivunjwa na gunia.

Halfani alijifunza ngumi jeshini. Aliporudi, alichaguliwa kupambana na bondia wa Bukoba, na mji mzima ukajivunia. Akashona mfuko wa ngozi ya ng'ombe wa kufanyia mazoezi ya ngumi, akaujaza mchanga wa mto, kisha yeye na rafiki yake Yahaya wakauning'iniza kwa kamba ya katani kwenye boriti, sebuleni kwake.

“Baba Pili,” alisema mkewe Sharifa, “si uchimbie nguzo uani, gunia lisimame peke yake?”

“Uani kuna matope. Tena watu wataniibia mbinu.”

“Watu gani? Kuku?”

Halfani alicheka, lakini gunia lilibaki pale pale.

Tangu hapo kila alasiri nyumba zilitikisika. Pili, mtoto wao mchanga, hakuweza kulala. Sharifa akawa anampeleka kwa Bi Mwatumu, naye akimlaza kwenye mkeka chini ya ukuta wa mbali kabisa, ambako kishindo kilifika kimepungua. Vijana walijazana dirishani kwa Halfani kutazama.

“Bi Mwatumu,” Yahaya alimtania, “wenzako wanakwenda kutafuta ngoma, wewe umeletewa nyumbani!”

“Ngoma ninayoijua ina wimbo, mwanangu. Hii inamwaga udongo kwenye maharage yangu.”

Wote wakaangua kicheko. Tazama, msomaji, jinsi malalamiko ya kweli yanavyoweza kuzikwa kwa kicheko, hata aliyeyatoa akaona haya kuyarudia.

Hata hivyo Bi Mwatumu alikwenda kwa Halfani.

“Shikamoo, Bi Mwatumu.”

“Marahaba. Mwanangu, boriti inacheza. Njoo uone kwangu.”

Halfani hakwenda kuona kwake. Aliinua macho, akaona ufa katika ukuta wake mwenyewe. Kesho yake alileta mti mnene wa msituni, akausimamisha chini ya boriti pale penye ufa, akaukaza kwa mawe.

“Sasa upande wangu ni chuma,” alisema kwa fahari.

“Na wangu?”

“Bi Mwatumu, gunia haliko kwako.”

Ni kweli, gunia halikuwa kwake. Lakini boriti haikujua mipaka. Kila ngumi ilipotua, gunia liliivuta boriti chini upande wa Halfani, na ncha yake ya mbali, kwa Bi Mwatumu, iliinuka kidogo kisha ikaangukia udongo, kama mchi kinuni. Ukuta huo wa mbali, uliolowa mvua za masika, ukawa unasagika kimya kimya.

Alasiri moja Sharifa alikuwa amekwenda kuteka maji. Halfani alikuwa kwenye mazoezi yake. Bi Mwatumu aliona changarawe zikitiririka ukutani, juu ya mkeka aliolala Pili. Hakuwa na nafasi ya kumnyakua na kukimbia. Aliinama juu yake, akaegemea mikono, na paa likamshukia mgongoni.

Upande wa Halfani, ule mti wa msituni ulisimama wima. Hakuna hata unyasi ulioanguka.

Halfani alitoka mbio, vitambaa vya mazoezi bado vimefungwa mikononi, akafukua nyasi na fito akiita jina la mwanawe. Sauti iliyomjibu ilikuwa kilio cha mtoto, kisha ya Bi Mwatumu, ndogo sana: “Mchukue. Hana jeraha. Mimi mkono wangu siusikii.”

Ncha ya boriti ilikuwa imeangukia mkono wake wa kulia. Uliungwa hospitalini, lakini vidole havikukunjika tena.

Halfani hakwenda Bukoba kupigana. Alimjengea jirani yake nyumba, kila chumba na boriti yake. Gunia alilipunguzia mchanga, akaliongezea pumba, akalitundika uani juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa chini sana na kuegemezwa kwa miti pande zote. Ule mkeka wa ukindu uliobaki haujakamilika aliumalizia Sharifa, hatua kwa hatua, Bi Mwatumu akimwelekeza kwa mkono wa kushoto.

Funzo

Halfani hakuwa mtu mbaya, na mazoezi yake hayakuwa haramu. Kosa lake lilikuwa kuuliza kama upande wake umesimama, asiulize uzito wake unabebwa na nani. Katika jamii hakuna boriti ya mtu mmoja. Anayetaka kutundika jambo zito, liwe la fahari au la faida, na alichimbie nguzo zake mwenyewe. Na jirani anaposema, “Njoo uone kwangu,” tuinuke twende. Siku ya kuanguka, huenda tukakuta kipenzi chetu amelala upande ule ule tuliosema si wetu.