Sigaa ya Tatu

Ncha ya sigaa ya tatu ilikuwa imelowa. Mwonjaji aliitia mdomoni, akaitoa upesi, akaitazama. Ilikuwa na alama za meno, na mate yake bado ya moto.

"Nani kaigusa hii?"

"Hakuna, mzee," karani alijibu, kalamu mkononi. "Imetoka sandukuni sasa hivi. Umeikata mwenyewe."

Kiwandani walimwita Ulimi. Kila asubuhi alilinganisha sigaa tatu nene, zile kali za majani ya juu ya mche: anavuta, anazungusha moshi kinywani, anautoa, anasukutua kwa maji, anatafuna mkate mkavu, ndipo anahamia nyingine. Ya kwanza siku hiyo aliisifu kwa pilipili manga yake. Ya pili ilikuwa nzito, kama kahawa iliyoshika chini ya sufuria, ila utamu wake haukudumu. Ya tatu ndiyo iliyompandisha cheo. Mchanganyiko wake, alisema, aliubuni yeye.

Uongo. Aliubuni Mama Pacha, msokotaji wa sigaa aliyefia katika chumba cha kuvundikia majani mwezi uliopita. Watu waliambiwa moyo ulimsimama. Ulimi peke yake ndiye aliyejua kwamba mama yule alitishia kwenda kwa tajiri kusema ukweli, naye akamfungia mle ndani kumtia adabu, akaenda kula, akanogewa na mazungumzo. Aliporudi na ufunguo, mvuke wa majani ulikuwa umeshammaliza.

Aliifuta ncha, akaiwasha, akavuta.

"Ina ladha gani?" karani aliuliza.

Ulimi alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kike. "Ya mlango uliofungwa."

Kalamu ilianguka. "Mzee," karani alinong'ona, "huyo ni Mama Pacha."

Ulimi alitaka kumkanya, lakini moshi ulikataa kutoka, ukashuka kooni badala ya kupanda, ukajaa kifuani, na chumba kizima kikanuka mvundo ule unaochoma macho, mvundo wa majani yaliyofukiana yakichemka yenyewe, hata karani akakimbilia dirishani, akafungua, na upepo ulioingia nao ukanuka vilevile.

Mchana huo Ulimi alirudishwa nyumbani, na mkewe akamwita mganga. Mganga, mama mtu mzima, alimnusa mgonjwa tangu kizingitini, wala hakuutua mkoba wake.

"Jini huyu hakutumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni wa ukoo wa marehemu, kaja kumlipizia mtu wake. Ulimfanya nini, baba?"

"Sikumfanya kitu."

"Jini mwenye haki hafukuzwi. Kiri kwa watoto wa marehemu, huenda akakuachia."

"Nikiri nini? Alikufa kwa moyo."

Hapo moshi ukamtoka puani, ingawa tangu asubuhi hakuwa amevuta. Akainuka, akaenda hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa sebuleni. Akainua ngumi, akagonga hewa, na wote watatu wakasikia mlio wa mbao.

"Nifungulieni," alisema.

"Baba watoto, mlango uko wazi."

"Nifungulieni, sikukusudia afe, nilimfungia tu, ufunguo ninao mimi, nifungulieni."

Mkewe alikaa chini sakafuni. Mganga akaaga.

Walimhamishia uani, mahali pasipo mlango wala ukuta wa karibu. Aligonga hukohuko, vidole vikamchubuka hadi nyama. Siku ya tatu mkewe alijifunga kanga, akaenda kwa wale pacha wa marehemu, mabinti wawili watu wazima, akawaeleza yote, akawasihi waje wamsamehe.

Walikuja. Waliketi mkekani, wakamsikiliza akigonga na kuomba.

"Na mama aligonga hivi?" mmoja aliuliza.

Walikaa hadi kivuli kikahama mkekani, kisha wakavaa viatu vyao.

"Wanangu, semeni neno moja tu," mke alinong'ona.

"Mama, wewe hatuna ugomvi nawe," yule wa pili alisema. Akamshika mkono mwenziwe, wakaondoka, nyuma yao mbao zikilia.