Vitabu Saba Kutoka Nyumba ya Elkana

Sadick alivileta vile vitabu siku ya Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limewaka mapema, vumbi la Nyamongo limeshapanda, na mimi nilikuwa nakaanga maandazi kwenye banda langu, ubavuni kwa banda la Dada Mogesi, fundi cherehani. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Mgodi mkubwa ulikuwa haujaja. Dhahabu ilichimbwa kwa sururu na kamba, na kila wiki watu wapya waliteremka kutoka Tarime, Musoma, hata ng'ambo ya Sirari, wakiuliza duara la nani lina mali. Duara ndilo jina tulilolipa shimo la dhahabu. Mume wangu, Matiko, alikuwa anachimba kwenye duara la Mzee Elkana, tajiri kuliko wote pale.

Mimi naitwa Akello. Haya ninayosimulia yalimpata jirani yangu, na kidogo yanipate na mimi.

Watu wa Nyamongo walitafuta dhahabu. Dada Mogesi alitafuta vitabu vya zamani. Riwaya zilizokatika mgongo, vitabu vya shule vya watoto waliokwishazeeka, na zaidi ya vyote, vitabu vya katuni. Sadick alikuwa na duka dogo Bomani, mjini Tarime. Kila Jumanne alifunga mzigo kwenye baiskeli, akaja kuutandaza kwenye turubai mbele ya banda letu. Mogesi alipoisikia kengele ya baiskeli ile, aliacha suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja.

Alikuwa anachuchumaa na kunusa karatasi kwanza. Kweli, ananusa! "Hiki kimekaa jikoni," atasema. "Hiki kimetoka kwenye sanduku la nguo." Halafu anatafuta jina la mwenye kitabu wa zamani kwenye ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo furaha yake ilipokuwa. Kitabu kipya, alikuwa ananiambia, hakina mtu ndani yake. Alikuwa na katuni moja ambamo msomaji asiyejulikana ameandika pembeni mwa picha ya bwana harusi, "Usimwamini huyu." Mogesi aliyacheka maneno yale mwezi mzima. Hadithi ikikosa sehemu ya pili aliitafuta miaka mitatu, minne, na alipoipata alinisomea kwa sauti huku maandazi yangu yakiungua. Kila alichonunua aliandika jina lake chini ya jina la wa kwanza. "Sasa tumekuwa ndugu," anasema.

Jumanne hiyo Sadick alikuwa na katuni saba, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani.

"Hizi zimetoka kwa Mzee Elkana," alisema. "Mke wake, Gladys, amenipa mwenyewe. Mzee amesafiri. Ameniambia niondoke nazo kabla hajarudi."

"Kwa nini?"

Sadick alitazama pembeni. "Sikumuuliza, dada. Alikuwa analia."

Mogesi akazinunua zote. Akazinusa. Nikaona uso wake umebadilika.

"Vilikuwa vimewekwa wapi hivi?" akauliza polepole. "Vinanuka udongo wa chini."

Alifungua cha kwanza. Jina: Oduol. Cha pili: Faridu. Cha tatu: Waitara. Sita vilikuwa na majina, kila kimoja na mwandiko wake. Cha saba kilikuwa hakina jina.

Sasa, Mogesi alikuwa na kawaida ya kumpa kila mteja kipande cha karatasi aandike jina lake, kisha anakibana kwa pini kwenye kitambaa chake. Nyuma ya cherehani palikuwa na nguo ambazo hazikuchukuliwa. Alikwenda akazishusha. Suruali ya Oduol, aliyefukiwa na duara wakati wa mvua za kwanza. Shati la Faridu. Koti la Waitara. Akaweka kikaratasi cha Oduol juu ya jina lililo kwenye kitabu. Mwandiko ulikuwa uleule. Ile O iliyoachwa wazi juu. Akaweka cha Faridu. Cha Waitara. Vyote sita.

Wote sita walikufa kwenye duara la Elkana. Hakuna hata mmoja aliyepatikana.

"Labda Mzee Elkana aliwagawia vitabu wapumzikie," nilisema.

"Oduol alikuwa hajui kusoma, Akello. Nilimfundisha mimi kuandika jina, kwa ajili ya hiyo suruali. Wiki hiyohiyo akafa." Alipindua ukurasa. "Sasa hili ameliandika saa ngapi?"

Mafuta yalikuwa yanachemka peke yake.

Jumatano asubuhi, kitabu cha saba kilikuwa na herufi moja. M.

Aliniita kwa mkono, hakutaka kupaza sauti. Wino ulikuwa bado una maji. Mogesi alitazama ile herufi, akacheka kicheko kikavu.

"Basi wamenifuata mimi," alisema. "Mogesi. Haya, waje."

Hakukichoma, hakukitupa. Alikiweka kwenye rafu pamoja na vingine, akaendelea kushona.

Alhamisi, herufi zilikuwa mbili. MA.

Sikuelewa haraka. Yeye ndiye aliyeelewa. Alikwenda nyuma ya cherehani, akarudi na shati la buluu la mume wangu, alilolileta kuwekwa viraka. Akabandua kile kikaratasi. M yenye mguu mmoja mrefu kama mkia. A isiyo na kofia. Akaweka kikaratasi juu ya kitabu.

Matiko.

Nilimwambia mume wangu mchana huo asishuke tena. Alinishika bega akasema ndiyo, lakini wamekaribia mwamba wenye dhahabu, amalizie wiki tu. Wanaume wa Nyamongo wote walikuwa wanamalizia wiki tu.

Ijumaa asubuhi: MAT.

Nilipiga magoti mbele ya Mogesi. "Kichome, dada. Nakuomba."

"Nikikichoma, Elkana atapata kingine. Na hawa sita je, niwachome tena?" Macho yake yalikuwa mekundu, ila hayakuwa ya woga. Alikuwa amekasirika, kama siku mteja alipojaribu kumwibia mkasi. "Kitabu hiki nimenunua mimi. Hakuna mtu anaandikwa kwenye kitabu changu bila mimi kutaka."

Akachukua kalamu yake. Nikajua anataka kufanya nini kabla hajafanya. Nikamshika mkono. Akautoa.

Alikata ile A. Akakata ile T. Baada yake, kuikamilisha ile M, akaandika kwa herufi kubwa, OGESI. Halafu chini yake: *Kitabu hiki ni mali yangu.*

"Herufi ya kwanza wamenipa wenyewe," alisema.

Wino wake ulikauka mara moja. Ule mwingine haukukauka.

Saa tano hivi Mzee Elkana alikuja. Alikuwa amerudi safari usiku. Alikuwa mtu mpole, kofia mkononi, na nyuma yake kijana amebeba boksi la vitabu vipya bado vimo kwenye nailoni.

"Shikamoo, Mzee," Mogesi alisema bila kusimama.

"Marahaba, mama. Nasikia unapenda vitabu. Mke wangu alikosea akauza vyangu. Hivi vipya vyote chukua. Nirudishie vile saba tu."

"Vipya sipendi."

Elkana aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia cherehani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mimi nilisikia.

"Kile cha mwisho hakijakamilika."

"Kimekamilika, Mzee. Nimekimalizia."

Akafungua ukurasa, akamwonyesha. Nimeona watu wakiletewa habari ya msiba. Sijaona uso kama ule. Elkana alirudi nyuma hatua moja, kofia ikamdondoka, hakuiokota.

"Umejiandika mwenyewe," alinong'ona.

"Ndiyo. Na kusoma najua. Leo nitavisoma mbele ya watu."

Mogesi alifunga vile vitabu vyote saba kwenye kanga, akatoka. Mimi nyuma. Sadick, ambaye tangu Jumanne alikuwa analala Nyamongo kwa rafiki yake, alimwona akipita, akauliza, akaacha baiskeli akatufuata. Tulipofika kwenye duara la Elkana watu walikuwa wengi kama mnadani. Jua lilikuwa utosini, hakuna kivuli hata cha kamba. Chini kulikuwa na wanaume wanane, Matiko mmoja wao.

Mogesi alisimama kwenye mdomo wa duara, akafungua kitabu cha kwanza.

"Sikilizeni! Hiki ni cha Oduol!"

Watu wakatazamana. Mmoja akacheka.

Kutoka chini sauti ikajibu.

"Nipo."

Kicheko kikakatika. Dada yake Oduol, aliyekuwa anauza uji pale, alidondosha kikombe. Aliijua ile sauti.

"Cha Faridu!"

"Nipo."

Sadick akaanza kusoma dua. Kamba ikatikisika. Ikavutwa. Mchimbaji wa kwanza akachomoza, mweupe kwa vumbi. "Mura, vijana, vuteni!" alipiga kelele. "Vuteni wengine! Kuna watu huko nyuma ya ukuta! Wanaongea ndani ya mwamba!"

"Cha Waitara!"

"Nipo."

Wakavuta. Wa pili. Wa tatu. Mogesi alisoma cha nne, cha tano, cha sita, na kila jina liliitika, kila moja kwa sauti yake, kama watoto wanaoitwa majina darasani. Elkana alikuwa amefika. Alikuwa anapaza sauti watu waendelee na kazi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wa sita akatoka. Wa saba. Nilikuwa nimeshika kamba pamoja na wanaume, mikono inachubuka, sisikii maumivu. Kamba ikawa nzito. Kofia ya Matiko ikatokea. Nikamshika shati nikamvuta mpaka tukaanguka wote.

Duara lilikuwa tupu sasa. Wanane wote walikuwa juu. Tuliwahesabu.

Mogesi hakuondoka. Alikuwa bado ana kitabu kimoja.

"Inatosha, dada," nilisema.

"Bado changu."

Akafungua. Alisoma kwa nguvu kuliko vyote.

"Cha Mogesi!"

Hata inzi walinyamaza.

Halafu, kutoka chini kabisa, sauti yake mwenyewe. Ile ile aliyonisomea hadithi miaka yote.

"Nipo."

Watu walianza kukimbia. Mogesi alisogea karibu zaidi, vidole vya miguu vikawa hewani juu ya shimo, akainama.

"Mwongo wewe!" alipiga kelele. "Mimi niko hapa! Niko hapa juani! Na hao wengine ni wangu, nimewanunua, waachie!"

Ardhi ikanguruma. Sadick alimdaka kiunoni akamrusha nyuma. Mdomo wa duara ukajikunja, magogo yakavunjika kama njiti, na shimo lote likazama. Vumbi lilifunika jua. Lilipotulia, mahali pale palikuwa bonde tu. Hakufa mtu.

Mzee Elkana aliondoka siku ileile na hakurudi kamwe. Mke wake alibaki, akafungua hoteli ndogo. Hakuwahi kuulizwa, na hakuwahi kusema.

Jioni ile Mogesi alivipeleka vitabu kwa ndugu wa wenyewe. Dada yake Oduol alikipokea kwa mikono miwili. Mama yake Waitara alikibusu. Kaka yake Faridu alikataa, akasema hataki kitu hicho nyumbani, naye Mogesi hakumlazimisha. Alisema atamtunzia. Cha saba alikirudisha kwenye rafu yake. Nilimwambia amekosa akili. Alisema nimwache, hadithi yake ni nzuri na bado hajafika mwisho.

Kesho yake alfajiri, jua linachomoza, aliniita.

Hakuwa analia. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, ndani ya kanga moja, anatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji, alikuwa ameipiga deki kabla ya kulala. Juu yake kulikuwa na nyayo. Udongo mwekundu wa chini, mbichi, unanuka. Zilianzia kwenye rafu ya vitabu, zikapita kando ya kitanda chake, zikatoka mlangoni. Hakukuwa na za kuingia. Za kutoka tu.

Tulizifuata kwa macho. Mguu mkubwa wenye kisigino kipana. Mwingine mwembamba. Mwingine unaoburuza kidogo. Tukahesabu watu sita.

"Wameondoka," nilinong'ona. "Mungu ni mkubwa, wameondoka."

"Hesabu vizuri," alisema Mogesi.

Kulikuwa na za saba. Ndogo, za mwanamke, nyuma ya wote. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Mogesi alitazama mguu wake wa kushoto, pale ambapo jembe la baba yake lilichukua kile kidole akiwa na miaka minne. Akaunyanyua. Akaushusha taratibu juu ya ule udongo.

Ukakaa sawasawa.

Alitazama njia ambayo zile nyayo zilielekea, barabara ya Nyakunguru, mpaka mahali ambapo zilipotelea kwenye vumbi.

"Haya," alisema mwishoni, kwa sauti kavu, kama anamwambia mtu aliyeko mbali kidogo. "Nenda. Ila ujue nyumba ni yangu."

Aliishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo, akanunua vitabu kila Jumanne. Sakafu tuliisugua kwa sabuni, kwa mchanga, mwisho kwa patasi. Za wale sita zilitoka siku ileile.

Unyayo wa ule mguu wa kushoto bado upo.