Honi Tatu za Kreni Namba Nne

Saa 3:10 asubuhi

Nyapara alichora bandari kwa chaki sakafuni. Geti. Yadi. Kreni namba nne. Kontena la bluu juu ya rundo, limejaa nyaya za shaba. Bila kreni huligusi.

Walikuwa watatu, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya meli. Mbele, kamba na makoti ya mvua yalikuwa yakila vumbi. Meli ya mwisho iliondoka miezi minane iliyopita. Wenye meli walisema biashara imedorora dunia nzima, wakahamia bandari ya nchi jirani. Redioni waziri akaahidi mambo yatatengemaa mwakani. Mwakani! Huo ulikuwa mwakani wake wa tatu tangu biashara ianze kulegea.

"Saa saba walinzi wanakula," Nyapara alisema. "Wa geti ni wetu. Winchi, wewe unapanda, unashusha bluu kwenye trela, tunaondoka. Dakika kumi."

"Wakiona kreni inatembea?"

"Leo Alhamisi. Kila Alhamisi mafundi wanaiwasha, mota zisioze. Hakuna atakayeshtuka."

"Na mimi nashukaje?" Winchi aliuliza.

Dereva wa trela akacheka. Alikuwa shemeji yake Winchi, kaka wa mkewe.

"Nakungoja chini ya ngazi. Nikikuacha, dada nitamtazama kwa macho gani?"

Winchi, kama walivyomwita gatini, aliendesha kreni miaka ishirini, akafukuzwa kwa barua ya mistari miwili. Bandari ya jirani ilikuwa tayari kumchukua, mradi afike Jumatatu. Nauli hakuwa nayo. Mkewe alishafunga mizigo, akijua mumewe amepata kibarua. Mtu mzima huyu aliingia wizini ili apate kwenda kazini. Ukicheka, utalia.

Nyapara aliurudia mpango mara tatu. Jambo moja hakulitaja. Kwa watu wa gati lilikuwa kama kupumua.

Saa 7:04 mchana

Nje ya geti vibarua mia tatu walikaa ukutani, kofia ngumu magotini. Walikuja kila siku. Kungoja nini, hata wao hawakujua. Mlinzi aliipitisha trela bila kuuliza karatasi.

Saa 7:11

Winchi alikaa kitini. Akashika vishikio vya kuendeshea. Mikono ilikumbuka kila kitu, na moyo wake ukajaa furaha mpaka akaona aibu. Akashusha ndoano, akalishika kontena.

Kisha akapiga honi. Tatu, ndefu, kama sheria inavyotaka kabla ya mzigo kunyanyuka.

Simu ikalia papo hapo.

"Umefanya nini, mpumbavu wewe?" Nyapara alifoka kutoka kwenye trela.

Winchi alipigwa na butwaa. Mafundi wa Alhamisi hawapigi honi, hawanyanyui mzigo.

"Ulinifundisha wewe," alisema. "Ulinizaba kofi wiki yangu ya kwanza."

"Shusha! Shusha upesi!"

Saa 7:16

Kontena lilitua sawasawa, bila kutikisika. Winchi alifika nusu ya ngazi trela ilipong'oka.

"Shemeji!"

Shemeji alitazama mbele. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekula kwake miaka kumi.

Hawakufika mbali. Geti lilikuwa wazi na vibarua wote mia tatu walikuwa wakimiminika ndani, wakikimbia, wakicheka, wakipigana mabega. Waliizunguka trela. Walilipapasa kontena.

"Kazi imerudi!"

Nyapara alichomoa bastola. Akaziona nyuso. Watu wake wote, aliowapanga zamu kwa majina. Akairudisha kiunoni, akafunika uso kwa mikono. Walinzi walikuja mbio, midomo imejaa chakula. King'ora kikaanza kulia barabarani.

Za mwizi ni arobaini. Hawa hawakumaliza hata moja.

Saa 7:20

Winchi angeweza kukimbilia upande wa maji. Lakini chini ya ngazi alisimama kibarua mzee, amevaa glavu safi. Miezi minane alizitunza.

"Mwanangu, meli iko gati namba ngapi?"

"Hakuna meli, mzee."

Mzee aligeuka akaangalia bahari. Ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akazikunja.

"Sasa honi ulitupigia ya nini?"

Winchi akakaa kwenye kidato cha chini, akawasubiri askari.