Gauni Lisilo na Kifungo

Ilianza Jumanne, saa nane na robo mchana. Fundi cherehani alitungua gauni la mama yake msumarini, akalikuta lina joto, kama limevuliwa sasa hivi. Mama alikuwa kitandani, kavaa lingine.

Lile la msumarini fundi alilishona mwenyewe baada ya kiharusi kuupooza mkono wa kulia wa mama: shingo pana, halina kifungo wala zipu. Viatu navyo vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu. Miezi mizima mama alikuwa akivishwa kama mtoto. Siku alipojivika mwenyewe, alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "leo nilipoingiza kichwa humo, nilikuta kichwa kingine."

Jioni kaka mtu alimleta mganga. Mganga alinusa mara moja, akarudi kinyumenyume hadi kizingitini.

"Jini huyu anapenda vazi lililo wazi. Shoneni vifungo. Akikuta pamefungwa, hapiti."

"Na mama atavifunga kwa mkono upi?"

"Si utamvalisha wewe," kaka alidakia. "Kazi yenyewe dakika mbili."

"Hizo dakika mbili, kaka, umewahi kuzifanya?"

Kaka akamshika mganga mkono, akamwongoza nje.

Walipotoka, fundi alisikia kitambaa kikichakarika nyuma yake, akageuka, akaliona gauni limesimama wima, kifua kimejaa, mikono imetuna, pindo likipanda na kushuka kama pumzi, nalo likaanza kwenda kitandani, viatu vya mama vikiburuzika chini yake, mpaka shingo ile tupu ikainama juu ya uso wa mama, aliyekuwa akilia bila sauti huku akivuta shuka kwa mkono wake mmoja.

Hofu ya fundi ikageuka hasira.

"Mshenzi wewe! Nguo zote duniani, umeona ya mgonjwa tu?"

Akalivuta, akalibwaga, akalikalia. Akashona shingo, akashona mikono, akashona pindo, sindano ikimuunguza vidole. Kitu kikaguna ndani, kikalia, kikamwita "mwanangu" kwa sauti ya mama. Hakuacha tundu hata la kupitisha chawa.

"Umefungwa," alisema, akikata uzi kwa meno. "Hupiti."

Asubuhi alikata gauni jipya, shingo pana kuliko la kwanza, bila kifungo, na mama akalivaa mwenyewe. Kisha fundi akalichukua lile lililoshonwa, bado likitapatapa, akalipigilia misumari juu ya mlango, upande wa nje, majini wengine wapite walione.